Jenerali Aliyesalia: Waruhiu Itote na Mitaa ya Mashariki ya Nairobi

Abiria anayetoka katikati ya jiji la Nairobi kwa Barabara ya Jogoo huisikia Burma kabla hajaiona. Utingo huliita jina hilo kwa sauti, matatu ikapunguza mwendo karibu na uwanja wa City Stadium, ambao tangu mwaka 2019 unaitwa Uwanja wa Joe Kadenge, wanunuzi wa nyama wakateremka, na waliobaki wakaendelea na safari yao kuelekea Makadara, Maringo, Jericho na Buruburu. Mwandishi wa makala haya amepita hapo tangu utotoni pasipo kujiuliza hata siku moja jinsi nchi ya Asia, ambayo leo huitwa Myanmar, ilivyofika Shauri Moyo na kugeuka soko la nyama. Wazee wa mtaa ukiwauliza hukujibu bila kusita: jina lililetwa na askari wa Keya waliorejea kutoka Vita vya Pili vya Dunia, wakiwa na fedha kidogo mfukoni na masimulizi mengi kinywani.

Mmoja wa askari waliopigana huko Burma alikuwa kijana wa Nyeri aliyeitwa Waruhiu Itote. Ulimwengu ulikuja kumfahamu kwa jina jingine la Asia: Jenerali China, kamanda wa wapiganaji wa Mau Mau katika misitu ya Mlima Kenya. Makala haya yanadhamiria kuyaeleza maisha yake kwa kuyatazama kutoka mitaa hii ya Mashariki, ambako siasa zake zilikomaa na ambako jeshi lake lilipata riziki. Yanadhamiria pia kuuliza swali ambalo sisi wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili tumelikwepa kwa muda mrefu. Tumemzoea shujaa anayekufa. Je, tunamfanyaje yule aliyekamatwa, akasema, akasalia?

Msomaji huenda akashangaa mbona sikumchagua Dedan Kimathi. Sababu ni kwamba Kimathi anaye mtetezi. Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo walimwandikia tamthilia mwaka 1976, ambayo ilitafsiriwa kwa Kiswahili na Raphael Kahaso na kutolewa mwaka 1978 kwa jina la Mzalendo Kimathi. Sanamu yake ilisimamishwa katikati ya jiji mwaka 2007, miaka 50 kamili tangu anyongwe. China hana bahati hiyo.

Kutoka Kaheti hadi Burma

Itote alizaliwa mwaka 1922 katika kijiji cha Kaheti, Mukurweini, wilayani Nyeri. Masomo yake hayakufika mbali. Kama vijana wengi wa rika lake, aliteremka Nairobi kutafuta riziki, akaingia katika biashara ndogondogo, na hapo akakutana na mji wa mkoloni ulivyokuwa: mji uliomhitaji Mwafrika mchana na kumshuku usiku. Mwanamume Mwafrika alitembea na kipande kilichotaja jina lake na mwajiri wake. Nyumba alizojengewa na manispaa zilikuwa vyumba vya makapera, kwa sababu serikali ilidhani, au ilijifanya kudhani, kwamba mfanyakazi wa Nairobi ni mgeni ambaye mke na watoto wake wako kijijini na ambaye mwenyewe atarudi huko nguvu zikimwisha. Pumwani ilianzishwa katika miaka ya 1920, Shauri Moyo ikafuata katika miaka ya 1930, Kaloleni katika miaka ya 1940. Msomaji wa Kiswahili hawezi kuyapita majina haya bila kutua. Nani alimwambia mpangaji kwamba makazi yake ni shauri ya moyo wake?

Mwaka 1942 Itote alijiunga na Keya, yaani kikosi cha Waingereza cha askari wa Afrika Mashariki. Hapa yafaa wanafunzi wa isimu tukumbuke kwamba Keya ilikuwa shule kubwa ya Kiswahili. Mkikuyu, Mkamba, Mjaluo, Mnandi na Mnyasa walipewa amri na kuapizana kwa lugha moja, ile ambayo wataalamu wameizoea kwa jina la Kikeya, isiyojali sana upatanisho wa kisarufi lakini iliyoeleweka na wote mtutu ulipoanza kulia. Watu waliokuwa wakiitana kwa makabila walijikuta wakiitana kwa namba na vyeo. Hata hivyo vyeo vyenyewe vilikuwa na dari. Itote alifika ukoplo. Maafisa waliokuwa juu yake walikuwa Wazungu. Tuukumbuke ukoplo huo, kwani miaka kumi baadaye Waingereza walipomcheka kwa kujiita jenerali, walikuwa wanamcheka mtu waliyemfunza vita wao wenyewe, wakamnyima cheo wao wenyewe.

Katika kitabu chake cha kumbukumbu, kilichotolewa kwa Kiingereza na East African Publishing House mwaka 1967, Itote anasimulia mazungumzo ambayo anaamini yalimfumbua macho. Askari mmoja Mwingereza alimuuliza ni kwa nini anapigana. Yeye Mwingereza akifa, alikufa kwa ajili ya nchi yake. Mwafrika je, akifa huko Burma, nchi yake itapata nini? Itote hakuwa na jibu. Raia wa Kihindi aliokutana nao Calcutta walimuuliza swali linalokaribiana na hilo: mmewadai Waingereza nini kama malipo ya kuwapigania? Wao Wahindi walikuwa wameahidiwa uhuru. Na huko huko Calcutta, askari mweusi kutoka Marekani alimsimulia habari za Haiti, nchi ambayo watumwa wake waliinuka, wakawashinda Wafaransa na kujitangazia uhuru mwaka 1804.

Mimi huona ajabu kubwa katika mkutano huo. Mtoto wa Kaheti, koplo wa jeshi la mfalme wa Uingereza, anasikia habari za watumwa wa Karibi kutoka kwa Mmarekani, katika mji wa India. Waingereza walipoandika baadaye kwamba Mau Mau ilikuwa ushenzi wa kale uliofufuka vijijini, hawakuweka hesabu ya usiku kama huo.

Moshi wa garimoshi na ukumbi wa Kaloleni

Vita vilipokwisha, Itote alirudi Kenya na baada ya muda akaajiriwa na shirika la reli, kazi yake ikiwa kuchochea moto wa garimoshi kwa makaa. Wafanyakazi wa reli walijaza mitaa ya Muthurwa na Makongeni, na umbali kati ya mitaa hiyo na Shauri Moyo, Kaloleni au Pumwani ni wa kutembea kwa miguu. Habari zilivuka upesi. Aliyesikia jambo kwenye karakana ya reli saa kumi jioni alikuwa amelifikisha Pumwani kabla ya magharibi.

Itote alijiunga na chama cha KAU, akajihusisha na lile kundi la vijana la Anake a 40, ambao wengi wao walikuwa askari wa zamani wasio na kazi wala ardhi. Kundi hili halikuwa la malaika. Lilikuwa na watu wa siasa, na lilikuwa na wezi, na wengine walikuwa yote mawili kwa siku moja. Lakini lilikuwa limechoka na maombi ya kistaarabu yaliyoandikwa kwa wino mzuri na kutumwa London, ambako yaliwekwa kwenye droo.

Kwa upande wa siasa za wazi, makao ya mitaa hii yalikuwa Ukumbi wa Kaloleni. Wenyeji waliupa jina la bunge la Uingereza kwa utani, kwa kuwa mijadala ya Waafrika wasiokuwa na kura ilifanyika hapo. Tarehe 23 Aprili 1950, katika mkutano wa pamoja wa KAU na chama cha Wahindi, Makhan Singh alisimama katika ukumbi huo akataka Afrika Mashariki ipewe uhuru kamili. Wiki tatu baadaye yeye na Fred Kubai walikamatwa, na wafanyakazi wa Nairobi wakagoma. Mgomo ulidumu zaidi ya wiki moja. Mwaka 1951 tawi la KAU la Nairobi liliangukia mikononi mwa watu wa vyama vya wafanyakazi, Kubai na Bildad Kaggia wakiwa mbele, na wale waliopendelea mwendo wa taratibu wakasukumwa kando.

Lugha ya mikutano hiyo ilikuwa Kiswahili, kama lilivyokuwa gazeti la KAU, Sauti ya Mwafrika. Viapo vya Mau Mau viliapwa kwa Kikuyu, na nyimbo zake kadhalika. Jambo hili lina uzito wake. Ukumbini, kwa Kiswahili, Mjaluo na Mkikuyu na Mhindi walisikilizana. Chumbani usiku, kwa Kikuyu, duara lilifinywa. Ule ufafanuzi maarufu wa neno Mau Mau kama kifupisho cha maneno ya Kiswahili, Mzungu Aende Ulaya, Mwafrika Apate Uhuru, unaonekana kwangu kama jaribio la baadaye la kulipanua tena duara hilo. Sidhani kwamba ndiyo asili ya neno, lakini nafahamu kwa nini watu walilipenda.

Itote alikwisha kula kiapo kufikia mwaka 1950. Mwezi Agosti 1952, miezi miwili kabla ya Gavana Evelyn Baring kutangaza Hali ya Hatari tarehe 20 Oktoba, aliingia msituni Mlima Kenya na kikundi kidogo cha wenzake. Mafunzo ya Burma yakawa na faida: kulala kimya, kutega njia, kusoma nyayo, kugawa wapiganaji katika vikosi vyenye viongozi na nidhamu. Katika muda wa mwaka mmoja na nusu kikundi kile kilikuwa jeshi la maelfu. Majina waliyojipa makamanda yalikuwa ramani kamili ya ulimwengu. Palikuwa na China, palikuwa na Tanganyika.

Hata hivyo, jeshi la msituni haliishi kwa majani ya mti. Risasi, dawa, nguo, fedha, habari na vijana wapya vilitoka Nairobi, na kwa Nairobi hapa nakusudia mitaa ya Mashariki. Watumishi wa nyumba za Wazungu walisikiliza mezani. Makarani waliiba karatasi. Wanawake wa Pumwani walificha watu na bunduki. Madereva walisafirisha vitu chini ya viazi. Kamati za siri za mitaa zilikusanya ada, zikasikiliza kesi, na mwaka 1953 zikaamuru watu wasipande mabasi ya mji, wasivute sigara wala kunywa bia za Mzungu. Aliyekaidi alijua kinachomngoja.

Hapo ndipo simulizi inapokuwa nzito, na ndipo majina ya mitaa yetu yanapoingia.

Mbotela na Ofafa

Tom Mbotela alikuwa makamu wa rais wa KAU na mpinzani wa wazi wa matumizi ya nguvu. Alitoka katika ukoo wa Frere Town, Mombasa, ukoo wa wazawa wa watumwa walioachwa huru, ambao wasomaji wetu wanaufahamu kwa sababu ulimtoa James Juma Mbotela, mwandishi wa Uhuru wa Watumwa. Jioni ya tarehe 26 Novemba 1952, akielekea nyumbani kwa miguu, Mbotela aliuawa karibu na Soko la Burma. Mwaka uliofuata Ambrose Ofafa, diwani wa Nairobi na mweka hazina wa Luo Union, alipigwa risasi Kaloleni akafa.

Manispaa ya mkoloni ilipojenga mitaa mipya katika miaka ya 1950, ikawapa watu hao wawili. Hadi leo kuna mtaa wa Mbotela, na kuna Ofafa Jericho na Ofafa Maringo. Ajuaye asili ya majina hayo huona kwamba yalikuwa hoja. Serikali ilikuwa inamwambia mpangaji, kila alipoandika anwani yake, ni nani waliokufa na ni nani waliowaua. Siandiki haya kwa kutaka majina hayo yafutwe. Mbotela hakuwa kibaraka. Alikuwa mzalendo aliyeamini njia nyingine, akalipa kwa uhai wake. Aliuawa hatua chache tu kutoka soko lililopewa jina la vita vilivyomfunza Jenerali China kuua. Itote alikuwa mlimani wakati huo, lakini vita vilikuwa vyake pia, na msomi yeyote anayetaka kumwandika jenerali huyu kwa ukamilifu hana budi kumweka Mbotela katika onyesho la kwanza.

Risasi ya shingo

Tarehe 15 Januari 1954, karibu na Karatina, Itote alijeruhiwa shingoni katika mapambano na majeshi ya serikali, akakamatwa. Hakuna jenerali mkubwa kuliko yeye aliyekuwa amekamatwa hadi siku hiyo. Aliyepewa kazi ya kumhoji ni Ian Henderson, afisa wa polisi wa upelelezi aliyekulia Nyeri na kuzungumza Kikuyu kama mwenyeji. Mahojiano yalichukua saa 68. Kilichotoka humo ni taarifa ndefu kuhusu vikosi vya msituni, viongozi wake, silaha zake na mahitaji yake.

Mwezi Februari alifikishwa mahakamani Nyeri chini ya sheria za Hali ya Hatari, akakabiliwa na mashtaka yaliyojumuisha kupatikana na risasi, na akahukumiwa kunyongwa. Hukumu ya namna hiyo haikuwa kitu cha ajabu. Katika miaka ya Hali ya Hatari watu 1,090 walinyongwa. Ajabu ilikuja tarehe 4 Machi, Baring alipobatilisha hukumu ikawa kifungo cha maisha. Sharti lilieleweka: China angewaandikia wenzake barua za kuwaalika wazungumze na serikali.

Akaandika. Tarehe 30 Machi, Nyeri, viongozi wa msituni, miongoni mwao Jenerali Tanganyika na Jenerali Kaleba, walikaa meza moja na wawakilishi wa serikali. Tuitafakari picha hiyo. Kwa mwaka mmoja na nusu serikali ilikuwa imesema kwamba Mau Mau si jeshi bali ni ugonjwa. Sasa iliketi na wagonjwa hao ikajadili masharti ya kusalimu amri, siku na mahali. Walowezi walipopata habari walikasirika, na kwa mtazamo wao walikuwa na haki ya kukasirika: huwezi kujadiliana na ugonjwa.

Wapiganaji wakapewa siku chache za kukusanyika. Tarehe 7 Aprili, kabla siku hazijatimia, kikosi cha askari wa serikali kilikutana na kundi la wapiganaji katika eneo la Nyeri, na zaidi ya wapiganaji 20 wakauawa. Wenzao waliokuwa njiani kuja walisikia milio ya bunduki wakaamini wametegwa. Wakarudi msituni, mazungumzo yakafa.

Kisha ikawa zamu ya Nairobi. Alfajiri ya tarehe 24 Aprili 1954 askari na polisi wapatao 25,000, chini ya Jenerali George Erskine, waliuzingira mji katika operesheni waliyoiita Anvil, yaani fuawe. Kwa wiki kadhaa walisaka mtaa baada ya mtaa. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitolewa nyumbani, wakapangwa mistari, wakapitishwa mbele ya watu waliofunikwa nyuso ambao walitingisha kichwa kuonyesha nani aende na nani abaki. Zaidi ya watu 20,000 walipelekwa vizuizini, kupitia Langata hadi Mackinnon Road na Manyani. Mtaa wa Bahati ukazungushiwa seng'enge na kuwa mahali pa kuwabana waliosazwa. Bahati!

Wapo wanaomlaumu China kwa hayo. Husema kwamba maneno yake kwa Henderson ndiyo yaliyoonyesha kuwa Nairobi ilikuwa ghala la msitu. Nadhani lawama hiyo inampa sifa asiyostahili. Serikali haikuhitaji jenerali aliyejeruhiwa ili ijue kwamba Pumwani na Shauri Moyo zilikuwa upande wa Mau Mau. Ilikuwa inaokota maiti za wapelelezi wake huko kila wiki. Na operesheni ya watu 25,000 haipangwi katika siku 17 zilizopita kati ya Aprili 7 na Aprili 24. Fuawe ilikuwa inaandaliwa huku kalamu ya China ikiandika barua za amani, na wakubwa waliompa karatasi walilijua hilo.

Pamoja na hayo, sitaki kumsafisha. Alisema mengi. Alipata uhai wake kwa kusema, ilhali wengi waliokuwa chini yake, waliopatikana na risasi moja au mbili tu, hawakupewa nafasi hiyo. Katika kitabu chake yeye mwenyewe anajieleza kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kuulizwa swali hilo mara nyingi: kwamba aliamini mazungumzo yangewaokoa watu, kwamba vita visivyo na mwisho si ushindi. Huenda ni kweli. Huenda pia ni kauli ya mtu aliyeona kitanzi. Sioni kwa nini isiwe zote mbili.

Darasa la Lokitaung

Baada ya mazungumzo kuvunjika, China hakuachiwa. Alipelekwa Lokitaung, kaskazini kabisa mwa Turkana, kwenye joto na mawe, alikofungwa Jomo Kenyatta na wenzake waliohukumiwa Kapenguria mwezi Aprili 1953. Wafungwa wale hawakuwa wamoja; Kaggia, Kubai na Paul Ngei walitofautiana vikali na Kenyatta, hata wakafikia kutosemezana. China alisimama na Kenyatta, na Kenyatta akawa mwalimu wake wa Kiingereza. Jenerali wa msitu, aliyekuwa amepata lugha moja ya mamlaka jeshini, alikaa chini gerezani akajifunza nyingine kwa mtu ambaye Waingereza walimfunga kwa kosa la kumwongoza. Kiingereza hicho ndicho alichokuja kukitumia kuandikia vitabu vyake, cha mwaka 1967 na kingine cha mwaka 1979.

Aliachiwa mwaka 1962. Serikali ya uhuru ilipounda Huduma ya Vijana kwa Taifa mwaka 1964, China akapewa cheo cha juu humo. Mkurugenzi wake alikuwa Geoffrey Griffin, Mzungu aliyekuwa afisa upande wa serikali wakati wa Hali ya Hatari, na ambaye mwaka 1959 alishirikiana na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu kuanzisha kituo cha watoto wa mitaani pale Starehe, pembezoni mwa mitaa hii hii. Basi koplo wa zamani, jenerali wa zamani, akafanya kazi chini ya afisa wa zamani wa upande wa pili, wakifundisha vijana kujenga barabara. Alistaafu miaka ya 1980, akafariki mwezi Aprili 1993.

Tukilinganisha na wenzake, alipata nafuu kubwa. Kago aliuawa mwaka 1954. Kimathi alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Stanley Mathenge alitoweka. Baimungi, aliyetoka msituni bendera ya uhuru ilipopanda, aliuawa mwaka 1965 na majeshi ya Kenya huru. Wapiganaji wa kawaida walirudi kukuta mashamba yao yamekwisha kugawiwa homugadi, na chama walichokipigania kikaendelea kuhesabiwa kisheria kuwa haramu hadi mwaka 2003.

Shujaa asiyefaa jukwaani

Nirudi kwenye fasihi. Mapokeo yetu ya ushujaa yalijengwa juu ya Fumo Liyongo: shujaa asiyeshindwa kwa silaha, anayesalitiwa na wa karibu, anayekufa akiwa amepiga goti na upinde mkononi hata adui asithubutu kumsogelea. Mzalendo Kimathi inaingia kwa urahisi katika mapokeo hayo. Henderson wa tamthilia anamfuata Kimathi kizuizini, anambembeleza na kumwahidi uhai, na Kimathi anakataa. Mtazamaji anapiga makofi. Lakini Henderson wa kweli alikwisha kukaa mbele ya jenerali mwingine miaka miwili na zaidi kabla ya hapo, na yule hakukataa. Kila ninapoisoma tamthilia hiyo namwona China amesimama nyuma ya pazia, shingo imefungwa bendeji.

Riwaya ya P. M. Kareithi, Kaburi Bila Msalaba, ya mwaka 1969, ilijaribu mapema kuvileta vita hivi katika Kiswahili, na inastahili kusomwa zaidi kuliko inavyosomwa. Ila mimi sijasoma tamthilia ya Kiswahili iliyomweka China katikati ya jukwaa, na nashuku sababu si uvivu wa waandishi. Mtu huyu anatuvurugia istilahi. Mhakiki akimwita shujaa, ataulizwa kuhusu zile saa 68. Akimwita msaliti, ataulizwa ni msaliti gani huyo anayepelekwa Lokitaung badala ya kupewa shamba. Nadharia tunazofundishwa darasani zina kisanduku cha nguli na kisanduku cha mpinzani wake. China anasimama katikati na hasogei.

Mwandishi atakayejaribu atakuwa na tatizo la lugha pia, na pengine ndilo litakalomfaa zaidi. Mhusika wake atahitaji Kikeya cha koplo, Kiswahili cha mikutano ya Kaloleni, Kikuyu cha kiapo na cha chumba cha mahojiano, kwa maana Henderson alimhoji kwa lugha ya mama yake, na mwishowe Kiingereza cha mwanafunzi mtu mzima anayesahihishwa na Kenyatta. Katika lugha hizo zote ni moja tu ambayo Mbotela na Ofafa wangeweza kuzungumza naye bila mkalimani wala bosi, nayo ndiyo inayotumika hadi leo pale Burma kupatana bei ya mbavu.